Bahari Inapanda au Ardhi Inazama? Jinsi ya Kusahihisha Vipimo vya Geji za Maji

Geji ya maji iliyofungwa gatini haipimi bahari peke yake. Inapima umbali kati ya uso wa maji na kile ilichofungiwa: ukuta, nguzo au mwamba. Kitu hicho kikishuka mm 3, geji itaandika kwamba maji yamepanda mm 3, na hakuna chochote ndani ya takwimu zake kitakachokujulisha kwamba maji hayakusogea.

Ndiyo sababu ya vipimo vinavyoonekana kupingana. Stockholm, ambako kimo cha maji kimeandikwa tangu 1774, bahari inaonekana ikishuka kwa wastani wa karibu mm 4 kila mwaka. Manila, tangu miaka ya 1960, inaonekana ikipanda zaidi ya mm 10 kila mwaka. Bahari za dunia zimeungana, na tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kudumu kwa miongo mingi kwa sababu ya maji tu. Ardhi ya Stockholm inainuka, ya Manila inadidimia. Kazi yetu hapa ni kutenganisha miendo hiyo miwili.

Hesabu yenyewe ni ya mstari mmoja:

kasi ya bahari = kasi iliyosomwa na geji + kasi ya ardhi

Kasi ya bahari hapa inahesabiwa kutoka katikati ya dunia. Ardhi inayoinuka hupewa alama ya kujumlisha, inayodidimia alama ya kutoa. Ugumu wote uko katika kuipata hiyo kasi ya ardhi, mahali palepale ilipo geji, katika miaka ileile.

Kwanza ujue unamfanyia nani hesabu

Anayejenga ukuta wa kuzuia maji, au anayepanga kimo cha sakafu ya ghala la bandarini, anahitaji namba ya geji kama ilivyo, mwendo wa ardhi ukiwamo. Sakafu hulowa vilevile, maji yawe yamepanda kwa joto au ardhi iwe imezama. Ukimtolea mtu huyu mwendo wa ardhi ili kumpa "namba safi ya bahari", utamfanya ajenge ukuta mfupi. Kwa maoni yetu hili ndilo kosa la hatari kuliko yote yaliyomo katika mwongozo huu, na linafanywa na watu wanaoijua hesabu vizuri.

Anayesahihisha ni yule anayetaka kujua bahari yenyewe inafanya nini: anayelinganisha geji na setilaiti, anayejumlisha geji za nchi nyingi, au anayechunguza kuyeyuka kwa barafu na kupanuka kwa maji kwa joto.

Kuchagua na kukagua takwimu za geji

Hazina kubwa ya takwimu hizi ni PSMSL, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1933 na iliyopo Liverpool, Uingereza. Inatoa wastani wa kila mwezi na kila mwaka kwa mafungu mawili. Fungu la RLR lina mifululizo iliyofungwa kwenye alama moja ya kimo iliyopo nchi kavu. Sifuri yake imewekwa takriban mm 7000 chini ya wastani wa bahari ili namba zisiwe chini ya sifuri. Fungu la Metric lina namba kama zilivyoletwa, na sifuri ya geji inaweza kuwa imehamishwa katikati bila maelezo. Kwa kukokotoa kasi, tumia RLR tu.

Urefu wa mfululizo ni muhimu kuliko wingi wa vituo. Mzunguko wa mwezi wa miaka 18.6 hubadilisha wastani wa maji, na pepo na joto la bahari huyumba kwa miongo. Miaka 50 au 60 ndiyo hutoa kasi ya kuaminika. Ukiwa na miaka 15, namba inaweza kukosea hadi kubadili ishara. Pia hewa huibonyeza bahari: kanieneo ikipungua kwa hektopaskali 1, maji hupanda karibu sm 1. Ukiwa na takwimu za kanieneo za mahali hapo, iondoe athari hiyo kabla ya kukokotoa, mfululizo utatulia.

Kisha chora mchoro na uutazame kwa macho. Tafuta ngazi, yaani mahali mstari unaporuka ghafla na kubaki huko. Kila ngazi ina sababu: tetemeko la ardhi, geji iliyobadilishwa, gati lililogongwa na meli, au alama ya kimo iliyovunjwa wakati wa ujenzi ikawekwa nyingine. Njia nzuri ya kuzifichua ni kuchukua geji jirani, kilomita chache au makumi kadhaa kando, na kutoa mfululizo mmoja katika mwingine. Bahari inayopita kwenye geji zote mbili hufutika kwa sehemu kubwa. Kinachobaki ni ardhi na makosa ya vyombo, na ngazi ya mm 10 iliyojificha ndani ya bamvua na dhoruba huonekana wazi.

Ardhi ya hapo inasogezwa na nini?

Usiruke hatua hii. Jibu lake ndilo litakalokuambia ni njia ipi ya kupima inafaa na kama mstari mnyoofu unatosha.

Mwendo wa polepole na wa kutabirika kuliko wote ni ule wa ardhi kurejea baada ya kutuliwa mzigo wa barafu kuu iliyofikia kilele takriban miaka 21,000 iliyopita. Dunia ya chini ni nzito kama asali iliyoganda, hivyo inaendelea kurudi mpaka leo. Kaskazini mwa Ghuba ya Bothnia na kandokando ya Ghuba ya Hudson ardhi huinuka karibu mm 10 kwa mwaka. Kuzunguka maeneo hayo kuna ukanda uliokuwa umefura na sasa unashuka. Pwani ya mashariki ya Marekani imo humo, na hudidimia mm 1 hadi 2 kwa mwaka. Mwendo huu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana katika miaka 100, na kwa hiyo kipimo cha miaka 15 kinaweza kutumika kwa mfululizo wa karne nzima. Ni wenyewe tu wenye sifa hiyo.

Barafu inayoyeyuka sasa huinua ardhi papo hapo, na kasi yake hufuata kuyeyuka. Juneau, Alaska, geji inaonyesha maji yakishuka karibu mm 13 kwa mwaka.

Kuvuta maji, mafuta au gesi ni habari nyingine kabisa. Maji yakitolewa kwenye tabaka za mchanga, shinikizo hupungua, tabaka za udongo wa mfinyanzi zilizo jirani hukamuliwa, na udongo uliokamuliwa haurudi ulivyokuwa hata maji yakirudishwa. Venice ilipoteza karibu sm 23 za kimo chake juu ya maji katika karne ya 20, na takriban nusu ilikuwa ni ardhi kudidimia, sehemu kubwa kwa visima vilivyochimbwa kwa ajili ya viwanda. Visima vilipofungwa miaka ya 1970 kasi ilishuka sana. Tazama matokeo yake: ukifunga GPS (kipokezi cha setilaiti kinachopima kimo cha ardhi) leo Venice, utapata kasi ambayo haihusiani na ile ya miaka ya 1950 na 1960. Kuisahihisha geji ya miaka ile kwa GPS ya leo ni kosa, hata kama GPS ni sahihi kabisa.

Matetemeko hutoa ngazi na baada ya ngazi hutoa mkunjo. Katika tetemeko la Machi 11, 2011, rasi ya Oshika nchini Japani ilishuka karibu mita 1.2 kwa dakika chache, na tangu hapo imekuwa ikiinuka taratibu. Samoa, baada ya tetemeko la Septemba 2009, ardhi imeendelea kuzama kwa miaka mingi kwa kasi inayozidi ile ya bahari kupanda.

Mwisho kuna kushindiliwa kwa matope ya delta, na kuna gati lenyewe kukaa chini. Haya mawili ni ya mahali padogo mno, mita chache tu, na ndiyo yanayowaponyoka wengi.

Kufunga GPS karibu na geji

Mahali pazuri kuliko pote pa antena ni juu ya jengo au nguzo ileile inayobeba geji, ikiwa anga haijazibwa. Hapo GPS na geji huzama na kuinuka pamoja na hakuna cha kuunganisha. Pasipowezekana, tafuta mwamba ulio karibu, umbali wa kutembea.

Antena iwe na pete za kuzuia mwangwi na aina yake iwe imo katika majedwali ya kimataifa ya usawazishaji wa antena. Ifungwe kwenye chuma kisichoshika kutu, kilichogandishwa ndani ya mwamba au zege la jengo, kamwe si kwenye paa la bati. Rekodi ya kila sekunde 30 inatosha kwa kazi hii. Chumvi ya bahari hula viungio vya waya kwanza, kwa hiyo vizibe kwa mpira wa kuzuia maji na vikaguliwe kila ziara.

GPS hupima vizuri pande kuliko juu na chini. Kimo huwa na mtawanyiko wa mara mbili hadi tatu zaidi. Kwa siku moja kimo huyumba milimita kadhaa, na kwa majira, mvua na mzigo wa hewa hukipandisha na kukishusha milimita kadhaa zaidi. Chini ya miaka 2.5 usikokotoe kasi kabisa, kwa kuwa mzunguko wa majira utajifanya mwendo wa kudumu. Subiri miaka 8 au 10 ndipo uiamini.

Kinachoharibu vituo vingi ni kubadilisha antena. Antena mpya, hata ya aina ileile, huleta ngazi ya milimita kadhaa, na ngazi ya mm 5 katikati ya mfululizo wa miaka 10 hupotosha kasi kwa zaidi ya nusu milimita kwa mwaka. Kumbuka kwamba bahari yote ya dunia katika karne ya 20 ilipanda mm 1 hadi 2 kwa mwaka. Kwa hiyo antena inayofanya kazi usiiguse, na ikibidi kuibadilisha, andika tarehe, aina, namba ya chombo na kimo chake juu ya alama, siku hiyohiyo. Miti inayokua na kuziba anga pia huleta mwendo wa uongo, wa polepole na usioonekana kirahisi.

Mahali ambapo kituo tayari kipo, huna haja ya kuanza upya. SONEL, kituo cha takwimu kilichopo La Rochelle nchini Ufaransa, hukusanya vipimo vya GPS zilizo karibu na geji pamoja na kasi zake za juu na chini. Maabara ya jiodesia ya Chuo Kikuu cha Nevada hutoa kasi za maelfu ya vituo kwa njia iitwayo MIDAS, inayolinganisha vipimo vilivyoachana mwaka mmoja mmoja na kuchukua kasi ya katikati. Majira hufutika na ngazi chache haziitikisi sana. Hata hivyo fungua mchoro wa kituo chako na uutazame. Kasi nzuri ya mstari uliopinda haina maana.

Kuunganisha GPS na geji kwa levo

GPS iliyo juu ya mwamba mita 500 kutoka gatini inajua mwamba tu. Gati likizama mm 1 kwa mwaka juu ya matope yake, GPS itasema ardhi imetulia, nawe utaongeza mm 1 ya uongo kwenye bahari kila mwaka bila kujua. Dawa ni kupima tofauti ya vimo kwa levo (darubini ya kupimia usawa), kila mwaka, na mara tu baada ya tetemeko au ujenzi.

Weka alama za kimo tano au zaidi, vichwa vya shaba au chuma kisichoshika kutu, ndani ya mwamba au misingi ya majengo ya zamani yaliyokwisha kutulia, na zisikae zote kwenye jengo moja. Alama moja ikisogea, nyingine zitaishtaki. Ukiwa na mbili tu, utajua kwamba moja imesogea lakini hutajua ni ipi.

Pima kwenda na kurudi. Simamisha levo katikati ili umbali wa fito ya nyuma na ya mbele uwe sawa. Hapo makosa ya darubini na mpindo wa dunia hufutana. Usizidishe mita 40 kila upande. Tofauti ya kwenda na kurudi isizidi milimita 1 hadi 2 kwa mzizi wa pili wa umbali kwa kilomita. Ikizidi, rudia siku hiyohiyo. Na usiishie kwenye alama: fika mpaka sehemu ya kusomea ya geji yenyewe, iwe ni ukingo wa kisima cha boya au uso wa chini wa rada. Wengi huishia alama ya mwisho, geji ikaja kuhamishwa sm 2 na fundi wa umeme bila mtu kuandika.

Katika delta kuna mtego mwingine. Antena iliyosimikwa juu ya nguzo ndefu zilizopigwa mpaka tabaka gumu haihisi matope ya juu yakishindiliwa, na mara nyingi huko juu ndiko kwenye kushuka kwingi. Andika kina cha msingi wa kila antena na kila alama. Bila kina hicho kasi haielezeki.

Pasipo na GPS

Miundo ya kompyuta ya kurejea kwa ardhi baada ya barafu kuu, kama ICE-6G, hutoa kasi popote duniani. Inafaa mahali ambapo una uhakika hakuna sababu nyingine. Haioni visima, matetemeko wala gati lako. Chukua jedwali la mwendo wa ardhi, si lile la usawa wa bahari unaoonwa na geji. Hilo la pili limeshachanganya na mabadiliko ya uvutano.

Setilaiti zinazopima bahari kwa rada, zilizoanza na TOPEX/Poseidon mwaka 1992, huona bahari bila ardhi. Toa mfululizo wa geji katika ule wa setilaiti, na mwelekeo unaobaki ni mwendo wa ardhi. Lakini miali ya rada huchafuka karibu na nchi kavu, kwa hiyo kipimo huchukuliwa mbali kidogo na ufuo, ambako bahari inaweza kwenda tofauti na ya bandarini. Tegemea shaka, yaani kiasi ambacho namba inaweza kukosea, ya kama mm 1 kwa mwaka. Tena, namba iliyopatikana hivi usiitumie kuhakiki setilaiti zilezile; utakuwa unazunguka mahali pamoja.

Picha za rada za setilaiti kama Sentinel-1, iliyorushwa Aprili 2014, huonyesha ramani nzima ya mji ukididimia, jengo kwa jengo. Hakuna chombo kingine kinachoonyesha wazi kama gati linazama tofauti na mji. Udhaifu wake ni kwamba hupima kwa mshazari, na kila nukta hulinganishwa na nukta nyingine ya picha. Nukta hiyo ya rejea ikiwa nayo inazama, ramani nzima itaonekana imetulia. Ifunge kwenye GPS moja angalau.

Mfano wa hesabu

Tuchukulie geji inaonyesha maji yakipanda mm 4.2 kwa mwaka, shaka ± 0.4. GPS iliyo mwambani inashuka: −1.5 ± 0.3. Levo za miaka 10 zinaonyesha gati likishuka chini ya mwamba kwa −0.4 ± 0.1. Mwendo wa ardhi chini ya geji ni −1.9. Basi bahari: 4.2 + (−1.9) = mm 2.3 kwa mwaka.

Shaka hazijumlishwi hivihivi. Kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta mzizi wa pili: 0.16 + 0.09 + 0.01 ni 0.26, mzizi wake ni karibu 0.5. Ongeza, kwa njia ileile, na shaka ya mfumo rejea wa dunia, ITRF, ambao katikati yake haijulikani kikamilifu; tukiweka 0.3, jumla inafika ± 0.6. Aliyekosea ishara angepata 6.1 na angeweza hata kuitetea kama pwani ya ajabu.

Shaka hizo zenyewe zitoke kwenye hesabu inayotambua kwamba vipimo vya siku jirani vinafanana. Njia ya kawaida ya mstari mnyoofu huchukulia kila siku kuwa huru, na shaka inayotolewa huwa ndogo mara 5 hadi 10 kuliko ukweli. Ukiona kasi ya GPS yenye ± 0.03, jua ndiko ilikotoka. Na ukilinganisha geji kadhaa, kasi zote za GPS ziwe katika toleo moja la ITRF. Kuchanganya matoleo huleta tofauti zinazofanana na bahari.

Mfululizo wenye tetemeko ukate vipande, kabla na baada, na sehemu ya mkunjo ipewe umbo lake la kupungua taratibu au iachwe nje. Mahali pa visima vya maji, kokotoa kwa kila kipindi ambacho uvutaji ulikuwa sawa.

Setilaiti nazo haziko huru na ardhi

Rada za setilaiti huhakikiwa kwa geji, na geji ikizama bila kujulikana setilaiti itaonekana imeharibika. Jukwaa la mafuta la Harvest, pwani ya California, limetumika kuhakiki TOPEX/Poseidon na warithi wake. Nalo huzama, kwa hiyo lina GPS yake. Zaidi ya hapo, sakafu ya bahari yenyewe inashuka kidogo kutokana na barafu ile ya kale, na wanaotafuta ujazo wa maji huongeza karibu mm 0.3 kwa mwaka kwenye wastani wa dunia. Nyongeza hiyo ni ya ujazo. Unapolinganisha setilaiti na geji moja iliyosahihishwa kwa GPS, itoe kwanza, la sivyo utaona pengo la mm 0.3 na kulitafutia sababu pwani.

Unapotoa namba yako, andika pembeni yake: ni ya geji tupu au iliyosahihishwa, miaka ya geji, miaka ya GPS, umbali kati yake, tarehe ya levo ya mwisho, toleo la ITRF, na kina cha msingi wa antena.